Mifupa ya karatasi haimli mtoto, neno “mulozi” ndilo linalomla

Kila mwaka, mwezi wa kumi unapokaribia mwisho, telefone za familia nyingi za Kivu zinaanza kupokea sauti za aina moja. Ni sauti ndefu za WhatsApp, za mtu asiyetaja jina lake wala mji wake, zinazotoka kundi moja hadi lingine. Zinawaonya Wakongomani walioko Marekani kwamba watoto wao wadogo, katika somo la muziki, wanafundishwa kucheza na wafu, kuruka kama walozi na kuita mizimu. Mwisho wa sauti huwa ni ule ule: mzazi mwenye imani amtoe mtoto wake shuleni, na kama mtoto amekwisha kucheza mchezo huo, apelekwe kuombewa.

Sauti hizo haziishii Marekani. Mama aliyetoka kambi ya Nyarugusu au Nakivale na kupelekwa Lexington huko Kentucky, Houston huko Texas au Portland huko Maine, akizisikia anashikwa na woga. Anapiga simu kwa mkubwa wake aliyebaki Uvira, Bukavu au Goma, au kwa mama yake anayelala chini ya turubai pamoja na wakimbizi wengine wa ndani, akiuliza: nifanye nini na huyu mtoto? Hivyo babu na nyanya ambao hawajawahi kuona darasa la Marekani wanaombwa watoe hukumu juu ya mjukuu wa miaka mitano.

Wazee hao hawapaswi kuchekwa kwa kuogopa. Lakini jibu lao lina uzito. Hapa Congo kuna watoto waliopoteza nyumba, masomo, hata uhai, kwa sababu ya jibu lililotolewa na mkubwa mmoja wa ukoo. Kwa hiyo jambo hili lisemwe wazi, bila kuzunguka: mtoto anayecheza mifupa na mizuka darasani hana kosa, na mchezo wake si ulozi. Hatari iko kwa mtu mzima anayeuchukua mchezo huo na kuugeuza kuwa ushahidi.

Kinachofanyika darasani

Katika masomo mengi ya msingi ya Marekani, muziki una mwalimu wake. Watoto wa miaka mitano hadi minane hukutana naye mara moja au mbili kwa juma. Inapokaribia tarehe 31 Oktoba, siku inayoitwa Halloween, walimu wengi huchagua nyimbo na michezo ya mwili yenye sura za majira hayo: mifupa, mizuka, popo, paka mweusi, maboga, na mwanamke mwenye kofia ndefu ya ncha anayepanda ufagio.

Mtoto hupewa kitambaa chepesi. Mwalimu anapopiga sauti ndefu na laini, mtoto anakipeperusha kitambaa na kuteleza polepole chumbani. Huyo ndiye mzuka. Mwalimu anapogonga vijiti viwili, ka-ka-ka, mtoto anacheza kwa kukatakata: kiwiko, goti, shingo, bega, hiyo ndiyo mifupa. Muziki ukinyamaza, kila mmoja anaganda kama sanamu. Ukianza tena, wanaendelea. Kisha wanatembea kwa ncha za vidole, kimya, halafu haraka, halafu haraka zaidi, mpaka wanakimbia na kuanguka wakicheka.

Hilo ndilo somo lote. Mtoto anajifunza kutofautisha sauti ndefu na fupi, kubwa na ndogo, ya juu na ya chini. Anajifunza kushika mapigo. Anajifunza pia kuuzuia mwili wake unapotaka kuendelea, na hilo ni jambo gumu kwa mtoto wa miaka mitano kama wazazi wote wanavyojua.

Njia hii haikuzaliwa katika Halloween. Émile Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1865, aliona Geneva kwamba wanafunzi wake wanaweza kusoma nota bila kusikia mapigo mwilini mwao. Akawasimamisha kwenye viti vyao, wakaanza kutembea, kuruka na kusimama kufuata muziki. Carl Orff wa Ujerumani akaunganisha maneno, mwendo na ngoma kwa ajili ya watoto. Walimu wa Marekani wanatumia njia hizo mwaka mzima: mwezi wa kumi ni popo na maboga, Noeli inapokaribia ni theluji na kengele, mwezi wa nne ni mvua na vyura. Anayesema somo zima limetungwa kwa ajili ya mashetani ameshika ukurasa mmoja wa kitabu na kuutangaza kuwa kitabu kizima.

Hata muziki unaotumiwa ni wa kawaida. Mmoja unaosikika sana ni Danse macabre wa Mfaransa Camille Saint-Saëns, wa mwaka 1874. Kinubi kinapiga mara kumi na mbili, ndiyo saa sita ya usiku. Marimba, chombo ambacho ndugu zake huko Kasai wanaitwa madimba, inaiga mlio wa mifupa inayogongana. Mwishoni chombo cha kupuliza kinawika kama jogoo, alfajiri inafika, mifupa inarudi chini na kelele zinakwisha. Mtoto anasikia kwamba usiku una mwisho. Ni vigumu kuelewa shetani anapata faida gani katika wimbo ambao jogoo anawafukuza wafu.

Sikukuu hiyo ilitoka wapi

Wanaotuma sauti wanapenda kusema kwamba 31 Oktoba ni sikukuu ya kanisa la shetani. Asili yake ni nyingine. Jina Halloween lenyewe linatokana na maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote. Wakatoliki wa Congo wanaijua siku inayofuata, tarehe 1 Novemba, wanaiita Tusani, na tarehe 2 wanawaombea marehemu. Ni kweli pia kwamba watu wa Ireland, tangu kabla ya Ukristo, walikuwa na sikukuu ya kuaga mavuno na kuingia majira ya baridi, na desturi za sikukuu hizo mbili zilichanganyika. Katika karne ya 19 wahamiaji wa Ireland, wengi wao wakikimbia njaa, walizibeba desturi hizo hadi Marekani. Kwao walikuwa wakichonga sura katika tanipu na mizizi mingine ya shambani. Marekani wakakuta boga, ambalo ni kubwa na rahisi kuchonga. Ni mzigo wa wakimbizi pia, basi. Watu waliokimbia Masisi, Fizi au Ituri wakiwa na kitu kidogo kichwani na nyimbo mdomoni wanaweza kuuelewa mzigo huo kuliko watu wengine.

Na hapa Congo je? Tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi, nchi nzima inakwenda makaburini asubuhi. Familia zinang'oa majani, zinafagia, zinapaka chokaa, watoto wakiwa wamebeba maji na majembe. Mchana watu wanarudi kula na kuwaheshimu wazazi walio hai. Hakuna anayesema mtoto aliyefagia kaburi la babu yake ameingia ulozi. Kama mtoto wa Kikongomani anaweza kushika fagio juu ya kaburi la kweli tarehe 1 Agosti na akarudi nyumbani akala wali na kuku, inakuwaje mwenzake wa Texas aonekane amepotea kwa kutikisa kiwiko kama mfupa wa karatasi?

Wazee waliwatisha watoto kwa kipimo

Jambo lingine linalosahauliwa ni kwamba kutishwa kwa kipimo ni sehemu ya malezi ya huku tangu zamani. Ni nani aliyelelewa katika kijiji cha Congo bila hadithi ya zimwi linalokula watoto wasiosikia? Mzee aliitoa usiku kando ya moto. Alibadilisha sauti, akafanya hatua za zimwi kwa kupiga ardhi kwa mkono, watoto wakasogeleana. Kisha msichana mdogo wa hadithi akapata akili, zimwi likaanguka, watoto wakaimba kiitikio, wakaenda kulala.

Katika nchi ya Wasongye na Waluba, vinyago vya kifwebe vilipotoka kucheza, watoto walikimbia na kurudi, wakakimbia tena na kurudi. Woga huo ulikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mkubwa aliushika mlango huo. Mtoto alijifunza kwamba moyo unaweza kupiga kwa nguvu kisha ukatulia, na kwamba aliyekutisha anaweza kuwa ndiye anayekushika mkono kukurudisha nyumbani.

Mwalimu mwema wa muziki anafanya kazi hiyo hiyo kwa chombo kingine. Tofauti ni kwamba zimwi la Kivu ni zimwi la nyumbani na mzuka wa Marekani ni mgeni. Ugeni peke yake haujawahi kuwa dhambi. Mpira wa miguu nao uliingia Congo kama mgeni.

Neno moja, hatari mbili

Hapa sasa ndipo penye hatari ya kweli, na sauti za WhatsApp hazipagusi.

Mtoto wa miaka mitano anatoka shuleni akiwa na kofia ya karatasi nyeusi. Mama anamuuliza leo mlifanya nini. Mtoto, ambaye Kiswahili chake kimeanza kupungua, anatafuta neno, anajibu kwa furaha: “Leo nilikuwa mulozi.” Kwa Kiingereza alichosikia darasani, neno hilo ni la yule mwanamke wa vitabu vya picha, mwenye pua ndefu na ufagio. Watoto wa Marekani wanamchora kama wanavyochora sungura. Lakini neno la Kiswahili lililotoka mdomoni mwake lina historia nyingine. Mulozi ni mtu anayekula wenzake usiku. Mulozi ndiye aliyesababisha papa kukosa kazi, mama kuharibikiwa mimba, mdogo kufa kwa homa. Kwa masikio ya mtu mzima aliyekwisha kusikia ile sauti ya WhatsApp, mtoto hajaeleza mchezo. Amekiri.

Watu wa Congo wanajua kinachofuata baada ya mtoto “kukiri”. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wa barabarani nchini, ikaeleza jinsi watoto walioshtakiwa ulozi walivyofungiwa katika vyumba vya maombi, wakanyimwa chakula na maji, wakapigwa ili waseme ndiyo. Mwaka 2010 UNICEF nayo ilichapisha uchunguzi juu ya watoto wanaoshtakiwa uchawi barani Afrika, na Congo ilikuwa ndani yake. Wengi wa watoto hao walikuwa ni wale wasio na mtetezi: yatima, mtoto wa mke wa kwanza, mwenye kifafa, mwenye kukojoa kitandani, mwenye akili nyingi kupita kiasi machoni pa wakubwa. Baadhi ya maibobo wanaolala sokoni walianza safari yao kwa neno hilo moja.

Neno hilo linasafiri pia. Siku ya Noeli ya mwaka 2010, mjini London, kijana wa miaka 15 wa familia ya Kikongomani alikufa baada ya kuteswa kwa siku kadhaa na dada yake pamoja na mchumba wa dada huyo. Walimwambia ni mchawi. Alikuwa amekwenda kwao kusherehekea sikukuu. Mwaka 2012 mahakama iliwahukumu wote wawili kifungo cha maisha. Kijana huyo hakuuawa na mzuka wala na mifupa ya kuchora. Aliuawa na watu wa nyumba yake walioamini neno.

Kwa hiyo wanaosambaza sauti za kila Oktoba wajue wanafanya nini. Wanasema wanawalinda watoto. Ukweli ni kwamba wanamwandalia mtoto kesi kabla hajafungua mdomo. Wanamfundisha mzazi aliyechoka, anayefanya kazi za usiku kiwandani katika nchi ya baridi asiyoijua lugha yake, kumtazama mtoto wake kwa wasiwasi. Wakati wa taabu, wasiwasi huo hutafuta mtu wa kumbebesha mzigo, na mtoto ndiye aliye karibu.

Katiba ya Congo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza waziwazi kumshtaki mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa mshtaki kifungo na faini. Huko Marekani mwalimu analazimishwa na sheria kutoa taarifa akiona alama za mapigo kwenye mwili wa mtoto. Familia inayomfungia mtoto kwa siku tatu bila kula “ili ulozi utoke” inaweza kumpoteza mtoto huyo mikononi mwa serikali. Mtumaji wa sauti hatakuwepo siku hiyo.

Isemwe pia kwamba kuna wachungaji na mapadri wengi ambao wamewapokea watoto waliofukuzwa, wakawalisha, wakawarudisha kwa jamaa zao. Hao ndio wanaopaswa kusema kwa sauti kubwa mwezi wa kumi. Wakinyamaza, mwenye kelele ndiye anayebaki kuwa mwalimu wa kanisa.

Walimu nao wana deni

Kumtetea mtoto si kumfungia macho mwalimu. Wako walimu wanaosema “ni mchezo tu” na kumaliza maneno. Kwa mtoto aliyezaliwa katika vita, hilo halitoshi.

Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi za wakimbizi wa ndani upande wa Mugunga na Lac Vert, kando ya Goma, yakaua watu waliokuwa wamekimbilia hapo kutafuta usalama, watoto wakiwemo. Mtoto aliyekuwa pale, au aliyevuka mpaka usiku akiwa ameambiwa asikohoe, ana mwili unaokumbuka hata kama mdomo wake hausemi. Kumzimia taa ghafla, kupiga ngoma kwa kishindo nyuma yake, au kumwambia alale chini ajifanye maiti, hakumfundishi mapigo ya muziki. Kunamrudisha alikotoka.

Mwalimu mwenye wanafunzi waliotoka vitani ana mambo ya kufanya, na hakuna hata moja lenye gharama. Aeleze mapema kila kitakachotokea: sasa mtasikia ngoma kubwa, itapigwa mara tatu. Taa zibaki zikiwaka na mlango uonekane. Mtoto anayeogopa apewe yeye fimbo ya ngoma, kwa sababu anayepiga kishindo mwenyewe hashtuki nacho kama anayepigiwa. Kila mtoto awe na ruhusa ya kukaa pembeni bila kuchekwa. Kuganda kuwe kwa kusimama kama mti au kama korongo kwa mguu mmoja. Kulala kama aliyekufa kuachwe kabisa. Na somo liishe kwa mwendo wa polepole na pumzi ndefu, ili hakuna anayetoka mlangoni moyo ukiwa bado unapiga mbio.

Jambo la mwisho kwa walimu ni lile la neno. Popo, paka, boga, mfupa na mzuka vinatosha kabisa kufundisha muziki. Kumtoa yule mwanamke wa ufagio hakupunguzi somo. Darasani kwenye watoto wa Kikongomani, hakuna mtoto anayepaswa kupewa nafasi ya mchawi. Mwalimu hakulijua hilo kwa sababu hakuna aliyemwambia. Wazazi ndio wa kumwambia.

Mzazi afanye nini

Mzazi ambaye dhamiri yake inakataa sikukuu hiyo ana haki ya kukataa. Mashahidi wa Yehova, kwa mfano, hawaisherehekei, na watoto wao wanasoma katika shule hizo hizo. Zipo shule zilizokwisha kuacha Halloween na kusherehekea mavuno tu, kwa majani makavu na maboga. Kinachotakiwa ni kumwendea mwalimu mwanzoni mwa mwezi, pamoja na mkalimani kama lugha ni ngumu, na kusema kwa utulivu: familia hii ingependa mtoto apewe kazi nyingine siku hiyo. Kumtoa mtoto shuleni siku tano kwa sababu ya sauti ya mtu asiyejulikana ni kumnyima masomo ambayo wazazi wake walivuka mipaka mingapi kuyatafuta.

Lakini mzazi anayekataa mchezo asimkatae mtoto. Mtoto akirudi na mfupa wa karatasi, aulizwe amecheza vipi, aonyeshe. Akitumia neno mulozi, afundishwe neno lingine kwa upole, basi yaishe hapo. Asiitwe mbele ya wageni arudie alichosema. Asirekodiwe kwa telefone. Asipelekwe mahali popote ambako atakalishwa katikati ya wakubwa na kuulizwa nani alimwingiza.

Na mzee wa Kivu anayepigiwa simu usiku na binti yake aliyeko mbali, ana nguvu kuliko anavyofikiri. Akisema “mlete huyo mtoto kwenye maombi siku tatu”, amefungua mlango ambao hataweza kuufunga kutoka hapa. Akisema “mtoto amecheza, mpe chakula alale”, huenda ameokoa maisha, na hakuna gazeti litakaloandika.

Kwenye kambi na mitaa ya huku

Wanaowachezesha watoto katika maeneo ya wakimbizi wa ndani nao wanatazama video za walimu wa Marekani na kuchukua kinachowafaa. Hakuna ubaya. Lakini mwezi wa kumi hauna kazi yoyote huku, na mizuka ya kuazima haihitajiki. Mchezo ule ule wa kwenda na kuganda unachezeka kwa kinyonga anayetembea kwa kusitasita, kwa fisi mwenye mgongo wa kuinama, kwa ng'ombe wa Masisi anayeteremka mlima kwenye matope. Wasichana wana nzango, wakiruka, wakipiga makofi na kutupa miguu kwa wimbo. Shule nzima ya mapigo imo humo, na hakuna aliyeilipia dola moja. Debe tupu linatosha kuwa ngoma, mradi lisigongwe kwa ghafla nyuma ya mtoto.

Hadithi za zimwi ziendelee pia, zitolewe na wakubwa wanaojua kuzimaliza. Kinachopaswa kukomeshwa katika michezo ya watoto, huku na kule, ni kumsimamisha mtoto mmoja katikati ya duara na wengine kumwimbia mulozi, mulozi. Mchezo huo upo, na watu wazima wanapita wakicheka. Ndio unaopaswa kuwatisha. Leo ni wimbo wa watoto. Kesho mdogo wao anaumwa homa, na mtu anakumbuka ni nani aliyekuwa katikati ya duara.

Sauti za WhatsApp zitarudi tena mwezi wa kumi. Kila anayezipokea ana kidole kimoja cha kuzifuta na kidole hicho hicho cha kuzisambaza. Kabla ya kubonyeza, amfikirie mtoto mmoja tu anayemjua kwa jina, yule wa dada yake au wa jirani aliyehamishwa, akiwa amesimama mbele ya wakubwa na kofia ya karatasi mkononi, asijue amekosa nini.